Umbali wa Delhi na Lahore

Kwa muda wa miaka kumi na miwili nilikaa Dubai nikiuza tikiti za ndege katika afisi ndogo ya uwakala mtaani Deira. Kazi yenyewe haikuwa ya kujivunia sana, lakini ilinifunza jambo ambalo shule haikunifunza, nalo ni kwamba ramani haisemi kweli yote. Mtu hukujia, akakuuliza mji fulani uko mbali kiasi gani na mji fulani, nawe hujui umjibu kwa kilomita, kwa saa, kwa fedha, au kwa karatasi anazotakiwa kuwa nazo mkononi. Majibu hayo manne aghalabu hayafanani. Na katika miji yote niliyopata kuiuzia tikiti, hakuna jozi iliyonisumbua akili kama Delhi na Lahore.

Nianze na kilomita, maana hizo hazina ubishi. Kutoka uwanja wa ndege wa Delhi, nchini India, hadi ule wa Lahore, nchini Pakistan, kwa mstari ulionyooka ni kiasi cha kilomita 420. Msomaji wa Kenya atauelewa umbali huo bila ya ramani, kwa kuwa ni sawasawa na ule wa ndege itokayo Mombasa kwenda Nairobi. Ndege ikishapaa haimalizi saa moja. Mhudumu hajamaliza kukusanya vikombe, rubani ameshatangaza watu wafunge mikanda. Tena saa za Pakistan ziko nyuma ya saa za India kwa nusu saa, kwa hiyo abiria aliyeondoka Delhi saa nne kamili asubuhi angeweza kushuka Lahore akakuta saa ya ukutani haijatimia saa nne na nusu. Ukiamini saa za ukutani peke yake, utasema miji hiyo ni mtu na jirani yake.

Hiyo ni hesabu ya maumbile. Sasa ije hesabu ya wanadamu.

Mwezi wa Desemba 2001 watu wenye silaha walilishambulia bunge la India mjini Delhi. India iliilaumu Pakistan, Pakistan ikakana, na kuanzia tarehe 1 Januari 2002 safari za ndege baina yao zikakatwa. Kila upande ulizikataza ndege za mwenzake hata kupita juu ya ardhi yake. Treni na basi navyo vikasimamishwa. Basi lilirudi barabarani katikati ya mwaka 2003, ila ndege zilingoja mpaka tarehe 1 Januari 2004. Katika muda huo ndipo sisi wauza tikiti wa Dubai tulipopata biashara ambayo hatukuiomba. Mtu wa Delhi mwenye haja Lahore alipanda ndege ya kuelekea magharibi, akavuka bahari, akashuka Dubai, akangoja, kisha akapanda nyingine iliyomrudisha mashariki. Delhi hadi Dubai ni kiasi cha kilomita 2,190, na Dubai hadi Lahore ni kiasi cha 1,990. Zijumlishe, utapata mara kumi ya umbali wenyewe. Ni kama mtu wa Mombasa anayetaka kwenda Nairobi aambiwe aruke kwanza mpaka Antananarivo, kule Madagascar, ndipo ageuze uso aje Nairobi. Hesabu hizo mbili nimezipiga mwenyewe na zinakaribiana sana.

Mwaka ule wa 2002, katika miezi ya joto kali, aliingia afisini kwetu bibi mmoja wa Delhi, amesindikizwa na mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Sharjah. Alikuwa na ushungi mweupe, na mkononi ameshika mfuko wa plastiki uliokuwa na paspoti, dawa zake, na kopo la halua. Dada yake mkubwa aliolewa Lahore katika miaka ya hamsini, wakati ambapo watu bado walioana ng'ambo hii na ile ya mpaka bila ya makuu. Sasa dada huyo alikuwa mgonjwa sana. Bibi alikuwa ametumia miezi akitafuta viza, na alipoipata ilikuwa imebaki ndege tu. Mimi Kiurdu changu ni cha kuokoteza dukani, lakini tulielewana.

Nikiwa naandika tikiti aliniuliza: Delhi na Lahore ni mbali kiasi gani? Nikadhani anataka kujua safari itachukua saa ngapi, nikaanza kumhesabia. Akanikatiza, akasema anataka njia iliyonyooka. Basi nikafungua kile kitabu cha maili tulichokuwa tukikitumia kukokotolea nauli, nikamwambia ni maili mia mbili na sitini hivi. Akatikisa kichwa. "Najua," akasema. "Nilitaka kuona kama kitabu chenu bado kinajua."

Aliondoka usiku ule. Baada ya siku tisa alirudi afisini na mwanawe, safari hii ili kuisogeza mbele ya wakati tarehe ya kurudi kwao. Dada yake alizikwa siku ile ile ambayo yeye alikuwa ameketi kwenye kiti cha uwanja wa ndege wa Dubai akingoja kuitwa. Katika dini yetu maiti hacheleweshwi, na hakuna aliyethubutu kumngojesha kwa ajili ya ndege. Bibi hakulia mbele yangu wala hakumlaumu mtu. Lile kopo la halua alikuwa amelirudisha limejaa kitu kingine, sijui nini, alichopewa na watoto wa dada yake. Nami nikamtoza ada ya kubadilisha tarehe. Ilikuwa dirham hamsini. Ilikuwa haki ya afisi, imeandikwa kwenye kanuni, na hakuna ambaye angeniuliza lolote kwa kuitoza. Miaka imepita, na zile dirham hamsini bado ninazo, kwa maana hiyo ninayoijua mimi.

Hapo ndipo penye swali ninalotaka kulijadili na msomaji. Je, jambo linaweza kuwa haki yangu kamili, isiyo na doa, na bado likawa dhuluma kwa mtu mwingine?

Kwa upande wa sheria, anga ni mali. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wote wa ndege duniani hadi leo, unaanza kwa kutamka kwamba kila dola ina mamlaka kamili na ya peke yake juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Hakuna mwenye haki ya kupita huko bila ya ruhusa. Kwa hiyo serikali inapoifunga anga yake haivunji sheria hata kidogo. Inafunga mlango wa nyumba yake, na nani atamwambia mwenye nyumba asifunge mlango?

Wala sitaki nionekane kama ninayewadharau waliofunga. Afisini kwetu tulikuwa na mwenzetu mmoja wa kutoka India, mtu mpole, mcheshi, aliyekuwa akigawana chakula chake na Mpakistani aliyekaa naye meza moja. Siku moja nilimwambia kwamba mambo haya ya kufunga anga ni utoto. Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza: watu wakiuawa kwenu, siku ya pili mtawakaribisha waliowatuma wauaji, mkawaandalie chai? Nikasema huenda hawakuwatuma wao. Akajibu kwamba huenda, lakini aliyefiwa hawezi kuishi kwa huenda. Sikuwa na jibu, na hata leo sina jibu zuri. Yule Mpakistani naye, tulipokuwa wawili, alinieleza orodha yake ya miaka na ya wafu, na orodha hiyo haikuwa fupi. Mtu asiye na kaburi katika ugomvi hupata wepesi wa kuwaambia wenye makaburi wasahau.

Lakini hebu tuitazame historia kidogo, kwa sababu ugomvi huu una tabia ya kuwarudia hata walioanzisha. Mstari uliotenganisha India na Pakistan ulichorwa na wakili wa Kiingereza, Cyril Radcliffe, ambaye kabla ya Julai 1947 hakuwahi kukanyaga nchi ile. Alipewa kama wiki tano. Mstari ulitangazwa tarehe 17 Agosti 1947, siku mbili baada ya uhuru, na ukaipasua Punjab katikati. Lahore ikaangukia Pakistan, na Amritsar, ambayo kwa barabara iko kiasi cha kilomita hamsini tu kutoka Lahore, ikaangukia India. Mamilioni walihama huku na huko, na watu wengi mno waliuawa njiani. Waliobaki pande zote mbili wanasema Kipunjabi kile kile, ingawa wa upande mmoja wanakiandika kwa hati moja na wa upande wa pili kwa hati nyingine.

Pakistan ya wakati ule ilikuwa na vipande viwili, cha magharibi na cha mashariki, na India iko katikati. Mwishoni mwa Januari 1971 ndege ya India iliyokuwa ikiitwa Ganga ilitekwa nyara, ikapelekwa Lahore, na huko ikachomwa moto. India ikazuia ndege za Pakistan kupita juu yake. Kuanzia hapo mtu wa Karachi aliyetaka kwenda Dhaka, ndani ya nchi yake mwenyewe, ilimbidi azunguke kupitia Colombo, kisiwani Sri Lanka, safari ya karibu mara mbili ya ile iliyonyooka. Kabla mwaka haujamalizika kulikuwa na vita, na Dhaka ikawa mji mkuu wa nchi nyingine, Bangladesh. Sisemi kwamba mzunguko wa ndege ndio uliovunja nchi ile. Sababu zilikuwa nzito zaidi na za zamani zaidi. Nasema tu kwamba nchi ilikuwa bado moja kwenye karatasi wakati barabara yake ya angani ilipokwisha kukatika.

Hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo, kwa sababu mimi ni mtu wa Mombasa na jambo hili linatugusa. Reli iliyoufanya mji wa Nairobi uwe karibu na Mombasa ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, na waliokuja kuijenga kutoka Bara Hindi walikuwa kiasi cha watu 32,000, wengi wao watu wa Punjab, waliosafirishwa kwa meli kutoka bandari ya Karachi. Karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Waislamu, Masingasinga na Wahindu walikuja pamoja, na wakati huo hakuna aliyekuwa akijua kwamba kwao patakuja kupasuliwa. Mimi tangu utoto nimepanda gari moshi la Nairobi bila ya kufikiri kwamba walioupunguza umbali wetu ni watu ambao wajukuu wao, huko kwao, walikuja kuongezewa umbali wao mara kumi.

Baada ya 2004 ndege zilirudi, nikafikiri yamekwisha. Mwaka 2008 nikarudi nyumbani moja kwa moja. Tarehe 14 Februari 2019 askari arobaini wa India waliuawa kwa bomu huko Pulwama, Kashmir. Wiki mbili baadaye ndege za kivita zilivuka mpaka, na Pakistan ikaifunga anga yake mpaka tarehe 16 Julai. Mwezi Agosti wa mwaka huo huo treni na basi navyo vikasimama. Kisha tarehe 22 Aprili 2025 watu 26 walipigwa risasi Pahalgam, karibu wote watalii. Siku mbili baadaye Pakistan ikazifungia anga ndege za India, na tarehe 30 India ikajibu vivyo hivyo. Kivuko cha Wagah na Attari, ambacho ndicho mlango wa nchi kavu baina ya Amritsar na Lahore, nacho kikafungwa. Mwezi Mei walipigana siku nne, wakasimama, lakini anga ikaendelea kufungwa mwezi baada ya mwezi, kwa tangazo jipya kila mwezi.

Nilipokuwa nikizifuata habari hizo redioni niligundua kitu ambacho nilipokuwa Dubai sikukiona ingawa kilikuwa mbele ya macho yangu. Hasara huhesabiwa kwa mashirika: ndege za India zimezunguka na kuchoma mafuta zaidi, Pakistan imekosa ada za wanaopita. Hiyo ni hasara kweli. Lakini mashirika yana hesabu, yana benki, na yataongeza nauli. Waziri aliyetia saini hazunguki popote. Hana dada Lahore. Jenerali hakuwa na safari. Katika miaka yangu yote Deira sikumwona hata mmoja miongoni mwa wale wanaofunga njia akija kununua tikiti ya mzunguko. Waliokuja ni akina bibi, wagonjwa, maharusi, na watu wenye sanda kwenye mizigo yao. Anayefunga njia ni mmoja, na anayezunguka ni mwingine kabisa.

Kuna mahali paitwapo Kartarpur, upande wa Pakistan, ambapo Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Masingasinga, aliishi miaka yake ya mwisho mpaka alipofariki mwaka 1539. Kutoka mpakani hadi hapo ni kama kilomita nne na nusu. Mtu wa Mombasa angekwenda kwa miguu na kurudi kabla ya adhuhuri. Kwa miaka mingi Masingasinga wa India walikuwa wakija mpakani, wakapanda jukwaa, wakapatazama kwa darubini, wakasoma dua, wakarudi makwao. Tarehe 9 Novemba 2019, mwaka ule ule wa mabomu, serikali mbili zilifungua njia maalumu ya mahujaji wasiohitaji viza. Januari 2022 ndugu wawili waliotenganishwa mwaka 1947 wakiwa watoto walikutana hapo, baada ya miaka 74. Picha yao ilizunguka dunia nzima. Ni vizee viwili vimekumbatiana, vinalia kwa sauti. Mei 2025 India ikaifunga njia hiyo kwa upande wake. Nilipoisikia habari hiyo nilikuwa nimekaa barazani kwangu Kisauni, na nilizima redio.

Sababu ya kuizima nitaieleza, ingawa si jambo ninalopenda kulieleza.

Nina ndugu yangu wa tumbo moja, mdogo wangu kwa miaka mitatu. Yeye yuko Likoni. Msomaji asiyeijua Mombasa aelewe kwamba Kisauni ni bara ya kaskazini, Likoni ni bara ya kusini, na kisiwa kiko katikati. Kwangu hadi kwake haifiki kilomita kumi na tano. Daraja ni moja, na feri ni moja, inayovuka kwa dakika chache, tena mwenye kwenda kwa miguu halipi hata senti. Nilipokuwa Dubai nilikuwa nikimtumia fedha aendeleze kiwanja alichotuachia baba yetu. Niliporudi mwaka 2008 nilikuta nusu ya kiwanja imeuzwa, karatasi zimetiwa saini, na fedha zimekwisha. Sitasema zaidi ya hapo. Itoshe kwamba nilidhulumiwa, na kila mzee aliyeisikiliza kesi ile, wa upande wangu na wa upande wake, alisema nimedhulumiwa. Haki yangu ilikuwa wazi kama mchana. Basi nikamfungia. Sikumshitaki, sikumtukana, wala sikumwombea mabaya. Nilisema tu kwamba mimi kwake siendi na yeye kwangu asije, na nikajiona mtu mstaarabu sana kwa kuishia hapo.

Mama yetu alikuwa Majengo, kisiwani, yaani katikati. Yeye ndiye aliyekuwa Dubai yetu, na wakati ule sikulifikiria hilo hata siku moja. Siku ya Idi mimi nilikwenda kumwamkia asubuhi, ndugu yangu alikwenda jioni, na ratiba hiyo aliipanga mama mwenyewe bila ya kusema kitu, kama karani wa uwanja wa ndege anayehakikisha ndege mbili hazigongani. Kama kuna harusi upande wangu, kadi ya ndugu yangu aliipeleka mama. Akipika biriani aliigawa sinia mbili. Moja nilitumiwa na kijana wa jirani, na ya pili, kwa kuwa hakutaka watu wajue mambo yetu, aliibeba mwenyewe mpaka feri. Alikuwa amepita miaka sabini. Aliteremka ile teremko ya kivuko katikati ya umati, sinia limefungwa kwa kitambaa, akavuka, akapanda matatu upande wa pili, akarudi jioni. Aliniambia mara moja tu kwamba magoti yanamuuma. Nilimnunulia dawa ya kuchua.

Aliteleza pale kivukoni mwaka 2016, akavunjika nyonga. Alilala miaka mitatu. Tulimuuguza kwa zamu, na zamu zetu hazikukutana. Alipofariki mwaka 2019 tulisimama safu moja kumsalia, kati yetu watu watatu. Tukamzika, tukapokea mikono ya watu, kila mmoja akarudi ng'ambo yake.

Yule mwenzangu wa afisini aliniuliza kama ningewaandalia chai waliowatuma wauaji. Kwangu hakukuwa na wauaji, kulikuwa na nusu ya kiwanja. Siwezi kuwapa watu wa Delhi na Lahore ushauri, kwa kuwa damu na ardhi ni vitu viwili mbalimbali, na sikuomboleza walichoomboleza. Na bado sidhani kwamba nilikosea niliposema nimedhulumiwa. Nilichokosea ni kudhani kwamba mlango nilioufunga ulikuwa mlango wangu peke yangu. Nilipoufunga nilimtazama ndugu yangu tu, nikiwaza kwamba huyu amestahili. Sikugeuka kutazama ni nani atakayebeba sinia. Tena, na hili ndilo linalonitia haya zaidi, nilikuwa nimeshamwona bibi wa Delhi. Nilikuwa nimeshamtoza dirham hamsini. Nilikuwa na somo mkononi miaka sita kabla ya kulihitaji.

Mtu ataniuliza: je, aliyedhulumiwa awe ndiye wa kwanza kufungua? Huko si kumpa zawadi mdhalimu? Nimelizungusha swali hili mara nyingi, na nimeona kwamba limekaa vibaya. Linawahesabu watu wawili tu, mimi na yeye. Likiwahesabu wote wanaoipita njia ile, jibu linabadilika. Deni la kiwanja linabaki baina yangu na ndugu yangu, na naweza kumdai mpaka kufa. Lakini njia si sehemu ya deni hilo. Inawezekana kumdai mtu huku njia iko wazi; wafanyabiashara hufanya hivyo kila siku. Labda na serikali zingeweza, sijui. Ugomvi wao una mizizi ambayo mimi siifikii.

Jambo jingine nililoliona ni kwamba mtu hamfungii aliye mbali. Hakuna anayeona haja ya kuifungia Peru anga yake. Hufungiwa yule ambaye njia yake inapita kwako kila siku, ambaye chakula chake unakijua kwa harufu, na lugha yake ndiyo lugha yako.

Jumapili moja ya mwisho wa Mei 2025 nilivuka feri. Sikupiga simu, kwa kuwa nambari yake sikuwa nayo. Nyumba niliijua kwa kuelekezwa, maana tangu ahamie pale sikuwahi kufika. Nilipobisha alifungua mvulana wa kama miaka kumi na minne, ana paji la uso la marehemu baba yetu. Alinitazama, akaniamkia shikamoo kwa adabu, kisha akageuza shingo akaita ndani: "Mama, kuna mzee mlangoni."

Shemeji yangu alitoka akifuta mikono. Alisimama. Kisha akamwambia mwanawe, taratibu, kama anayemfundisha neno jipya, "Huyu si mzee tu. Huyu ni ami yako." Akanikaribisha, akaniletea chai na mahamri, akaniambia baba watoto amekwenda msikitini, atarudi baada ya magharibi. Mvulana alikaa kiti cha mbali, ananitazama vidole. Nilimuuliza anasoma darasa gani, akanijibu. Nikamuuliza kama anaijua Kisauni, akasema aliwahi kupita kwa basi.

Ndugu yangu aliporudi giza lilikuwa limeshaingia. Amekuwa na mvi nyingi kuliko mimi. Alitoa salamu mlangoni kama anavyotoa kila siku, na aliponiona hakuimalizia. Nikaijibu hivyo hivyo ilivyokuwa. Alivua viatu, akakaa upande wa pili wa meza, akakitazama kikombe changu kama kina chai, kisha akaniuliza kama feri ilikuwa na foleni.